Sare iliyomfaa mmoja tu

Sare nyingine inazaa kuliko ushindi. Tarehe 21/4/2024, kule Toronto, inchi ya Kanada, ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya sataranji ya watu 8. Wa kwanza angepata haki ya kupambana na bingwa wa dunia. Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu.

Gukesh, kijana Muhindi wa miaka 17, alikuwa na pointi 8 na nusu. Watatu walimfuata na 8: Nakamura, Caruana na Nepomniachtchi. Siku ile Gukesh alicheza na Nakamura, yeye upande wa vipande vyeusi.

Nakamura akafungua na Gambiti ya Malkia. Ni kusema, unamtolea adui pioni moja, askari mdogo, ili wewe upate nguvu katikati ya ubao. Gukesh akaikula. Wengine wanaikataa, lakini siyo sumu. Kwa kawaida mweusi hashindani kuilinda, anaiacha irudi, naye anapanga jeshi lake. Nakamura alitafuta mlango, hakuuona. Kiisha hatua 71, sare.

Kijana akafika 9, lakini ilimpasa kungoja. Kwenye meza ingine, Caruana ao Nepomniachtchi akishinda, naye angefika 9, na wangerudiana. Caruana alikuwa na ushindi mkononi, ukamponyoka. Walisukumana mpaka hatua 109. Sare! Haikuwafaa hata kidogo.

Mwezi wa 12 mwaka ule, kule Singapore, Gukesh alimshinda Ding Liren wa China, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 18.