Uso Halisi Mbele ya Kamera: Kuonekana Vizuri Katika Simu ya Video na Daktari

Tangu janga la UVIKO-19 lilipoenea duniani mwaka 2020, kuonana na daktari kwa simu ya video kumezoeleka zaidi. Mgonjwa aliye mbali na hospitali kubwa huweza kumweleza daktari bingwa hali yake bila kulala safarini. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo inayotumika kuzungumza na ndugu walio mbali, kuhudhuria mikutano na kushuhudia harusi, na mazoea ya huko huhamia kwenye chumba cha daktari: mtu hujipaka poda na rangi ya midomo, huketi penye mwanga hafifu unaompendezesha, kisha huwasha kichujio cha kulainisha ngozi. Harusini mazoea hayo hayana ubaya. Mbele ya tabibu huweza kuficha ugonjwa.

Uchunguzi wa tabibu huanza kwa macho. Akiwa chumba kimoja na mgonjwa, macho yakimdanganya atasahihishwa na mikono yake na vipimo vilivyo mezani. Katika simu ya video hubakiwa na macho na masikio tu, na macho yenyewe huona kile ambacho kamera imekubali kupitisha. Kuonekana vizuri, kwa maana hiyo, ni kuonekana kama ulivyo siku hiyo.

Jambo la kwanza ni mwanga. Kamera ya simu hupima mwanga wote uliopo mbele yake, kisha huamua yenyewe ing'arishe picha au iifishe. Mgonjwa akikaa na dirisha au mlango ulio wazi nyuma yake, kamera huona mwanga mwingi, huupunguza, na uso hugeuka kivuli. Kwa mwenye ngozi nyeusi kasoro hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu ngozi yake hurudisha mwanga kidogo. Hata ukuta mweupe unaowaka jua nyuma yake hutosha kuuzamisha uso gizani. Tatizo hili si geni. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, maabara za kusafisha picha zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na watu weusi walitoka pichani wakiwa hawana hata mikunjo ya uso. Kamera za leo zimeboreshwa sana, lakini mwanga mbaya bado huwaumiza zaidi watu wale wale.

Dawa yake haina gharama. Mgonjwa aelekee dirishani badala ya kulipa mgongo, akae kivulini na si kwenye jua kali, na nyuma yake pawe na ukuta au pazia lisilong'aa. Usiku, taa yenye mwanga mweupe iwekwe mbele yake, juu kidogo ya usawa wa macho.

Rangi ya taa inahitaji uangalifu wa pekee. Umanjano wa macho, ambao ni dalili ya magonjwa ya ini, ya mirija ya nyongo au ya kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu, kwa kawaida huanza kuonekana bilirubini inapofikia takribani miligramu 2 hadi 3 kwa desilita moja ya damu. Chini ya taa ya manjano, weupe wa jicho la mtu mzima wa afya huonekana wa manjano. Kinyume chake ni cha hatari zaidi: kamera hujaribu kuisawazisha rangi ya taa, na katika kufanya hivyo huweza kuufuta umanjano wa kweli. Mtoa huduma amwombe mgonjwa ashike karatasi nyeupe kando ya uso wake. Karatasi ikionekana ya manjano au ya buluu kwenye kioo cha simu, mwanga ubadilishwe kabla ya kuendelea. Kwa mtoto mchanga, hata karatasi hiyo haitoshi. Umanjano unaojitokeza ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa huhesabiwa kuwa hatari mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo, na mtoto huyo hupelekwa kituoni siku hiyo hiyo.

Katika ngozi nyeusi dalili nyingi za rangi hazikai usoni. Upungufu wa damu hutafutwa kwenye utando wa ndani wa kope la chini, kwenye ulimi na kwenye vitanga vya mikono. Ukosefu wa oksijeni hutafutwa kwenye ulimi, ndani ya midomo na chini ya kucha. Wekundu wa ngozi iliyowaka, unaoelezwa katika vitabu vingi, huweza kuonekana kama zambarau, kijivu au weusi uliozidi. Kwa hiyo rangi ya midomo ifutwe, na rangi ya kucha iondolewe walau kwenye vidole viwili. Hina na piko haziondoki kwa siku moja, na hakuna sababu ya bibi harusi kuahirisha matibabu kwa ajili yake. Amweleze tu daktari, naye atatazama kwingine.

Vichujio vya urembo vizimwe kabisa. Kazi yake ni kufuta upele, makovu na vivuli chini ya macho, yaani mambo yale yale ambayo tabibu anayatafuta. Baadhi ya simu huja na kichujio kilichokwisha kuwashwa, na mgonjwa hajui.

Umbali nao hupotosha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba picha ya uso iliyopigwa kwa umbali wa takribani sentimita 30 huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa kwa umbali wa mita 1.5. Anayehofia uvimbe wa uso, kama ule wa magonjwa ya figo ambao hujitokeza zaidi asubuhi kuzunguka macho, aisogeze simu mbali na kuiegemeza kwenye kitu imara, badala ya kuishika mkononi. Picha ya zamani, hata ya kitambulisho, humsaidia daktari kulinganisha.

Simu iliyotulia ni muhimu pia pale upumuaji unapohesabiwa. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Mtandao ukikwama kwa sekunde chache, hesabu ya daktari hupungua. Ni salama zaidi mzazi ahesabu mwenyewe kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia na kifua kikiwa wazi. Mwenye kushindwa kupumua, kupoteza fahamu au kifafa kisichokoma asipigiwe simu ya video, apelekwe hospitali.

Mtoa huduma naye hutazamwa. Akiangalia sura ya mgonjwa kwenye kioo, kwa mgonjwa huonekana ameinamisha macho, na wazee wengi hulitafsiri hilo kuwa dharau. Anapotoa habari nzito aitazame lenzi. Uso wake uwe na mwanga wa kutosha, kwani wagonjwa wenye usikivu hafifu husoma midomo, na nyuma yake pasionekane mafaili ya wengine. Akumbuke pia kwamba picha ambayo mgonjwa anajiona nayo aghalabu imegeuzwa kama ya kwenye kioo, ilhali yeye hupokea isiyogeuzwa. Neno "upande huu" halitoshi, upande utajwe kwa jina.

Kwa magonjwa ya ngozi, picha za kawaida mara nyingi hushinda video. Mgonjwa atume mbili: moja ya mbali inayoonyesha sehemu ya mwili, na nyingine ya karibu yenye sarafu kando ya kidonda ili ukubwa wake ujulikane. Zikishapokelewa zihifadhiwe kwenye jalada la mgonjwa, zisibaki kwenye simu binafsi ya mtoa huduma pamoja na picha za watoto wake.