Saa 24 Zinazokwisha Jumatatu

Mwaka 2025 Krismasi iliangukia Alhamisi. Mkenya aliyekamatwa Jumatano ya tarehe 24, saa tatu za usiku, katikati ya umati wa mkesha, alikuwa na haki ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zilimwishia Alhamisi usiku, korti zimefungwa. Ijumaa ya tarehe 26 nayo sikukuu. Jumamosi na Jumapili, kufuli mlangoni. Kwa hiyo mwisho wa kisheria wa saa zake 24 ulikuwa Jumatatu ya tarehe 29, jioni, korti ikifunga kazi. Ukizihesabu, zinapita 110.

Polisi hawakuitunga hesabu hii. Imo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 49: muda ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku isiyo ya korti, husogea hadi mwisho wa siku ya korti inayofuata. Wengi wetu tumekariri nusu ya kwanza tu. Ndiyo sababu kila sikukuu jamaa hujazana kaunta za vituo wakimkemea askari wa zamu kwa habari ya saa 24, naye askari huwashinda, maana kwa hilo sheria iko upande wake. Tena nusu hiyo ya kwanza ina maneno ambayo hata polisi huyaruka: mtu afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Jumatatu jioni ni ukingo wa mwisho. Anayekamatwa Jumanne alfajiri na kuachwa seli hadi sikukuu ipite ana lalamiko halali kabisa.

Ila mimi ningeacha kubishana juu ya saa. Hoja nzito iko katika sehemu ya 36 ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, Sura ya 75, ambayo ni ya zamani kuliko Katiba hii na haisomwi na watu. Inamhusu mkuu wa kituo, OCS, aliyeletewa mtu aliyekamatwa bila hati. Anaweza kumwachilia kwa bondi, kwa hiari yake. Lakini ikionekana haitawezekana kumfikisha mbele ya hakimu ndani ya saa 24, hiari ile inageuka wajibu: lazima aichunguze kesi, na kosa lisipokuwa zito amwachilie kwa bondi, awe na wadhamini au asiwe nao, ili aje kortini siku atakayopangiwa. Yanayowekwa kando ni mauaji, uhaini, wizi wa kimabavu na jaribio lake. Basi sikukuu ile ile inayomwongezea polisi siku kwa Katiba ndiyo inayomfunga mikono kwa Sura ya 75. Hakuna usiku unaostahili dhamana ya polisi kuliko mkesha wa Krismasi.

Je, makosa ya umati ni mazito? Tazama yale yanayoandikwa sana usiku wa mwaka mpya, iwe ni Mama Ngina na ufuo wa Pirates huku Mombasa au katikati ya Nairobi. La kwanza ni ulevi wa kupita kiasi au wa fujo hadharani, chini ya sehemu ya 33 ya Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010. Adhabu yake haizidi faini ya shilingi 500 au kifungo cha miezi mitatu, au vyote viwili. Kuna kuzusha vurugu kwa namna inayoweza kuvunja amani, sehemu ya 95 ya Kanuni ya Adhabu: miezi sita. Na kuna lile la kale la uzembe na ukorofi, sehemu ya 182, ambalo kwa mkosaji wa mara ya kwanza lina mwezi mmoja au faini ya shilingi 100, pesa ambayo leo hainunui hata sahani ya pilau.

Yote matatu hayavuki miezi sita, na Katiba, katika 49(2), inasema mtu hatawekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Wakili wa upande wa pili anaweza kujibu kwamba rumande ni amri ya korti, na kukaa seli kabla ya kumwona hakimu ni jambo jingine. Hoja hiyo ina mashiko kwa herufi. Kwa mantiki inachekesha: hakimu akatazwe kumweka ndani mlevi hata usiku mmoja, kisha koplo aruhusiwe kumweka siku nne?

Dereva aliyelewa asijifiche humu. Sehemu ya 44 ya Sheria ya Trafiki inamtishia faini ya hadi shilingi 100,000 au miaka miwili. Dhamana anaweza kupata, lakini kinga ya 49(2) hana.

Marekani walilipima tatizo hili la sikukuu mwaka 1991, katika kesi ya kaunti ya Riverside, California. Kaunti hiyo haikuwa ikihesabu wikendi wala sikukuu, na mtu aliyekamatwa karibu na siku yao ya Shukrani angeweza kungoja siku saba. Mahakama ya Juu iliweka kipimo cha saa 48 ili jaji aangalie kama kuna sababu za kumkamata mtu, na wikendi zinahesabiwa humo. Uamuzi huo haumpi mtu dhamana, lakini umeinyima kalenda kisingizio. Kwetu isingehitajika hata kuigusa Katiba. Hakimu mmoja wa zamu asubuhi ya Jumamosi, katika kila mji wenye umati, angemaliza orodha kabla ya saa sita.

Hadi hapo, mambo huamuliwa kaunta, na kaunta ina desturi zake. Bondi ni maandishi, haina bei. Dhamana ya pesa taslimu ni amana: huandikiwa risiti, na hurudishwa mtu akihudhuria kesi yake. Pesa isiyo na risiti ni chai tu, hata ikipokewa na mwenye nyota begani, na aliyeitoa hatakuwa na la kuonyesha akiulizwa kwa nini hakufika kortini. Jamaa aombe kwanza namba ya OB, daftari la matukio la kituo, na kosa lililoandikwa, kisha amwone OCS au anayemkaimu, ataje sehemu ya 36 kwa adabu. Kupaza sauti huko kumewahi kuongeza idadi ya waliomo ndani.

Ikishindikana, Jumatatu huleta mtego mwingine. Mtu aliyelala sakafuni siku nne, akisikia faini ni shilingi 500, hukiri ili aende akaoge. Kukiri huko ni hukumu ya jinai, na alama zake za vidole zikichukuliwa inaweza kumfuata akiomba cheti cha maadili mema kwa ajili ya kazi, pengine ya ulinzi, pengine ya Ghuba. Akikana shtaka, siku hiyo hiyo 49(2) inasimama mbele ya hakimu bila ubishi wa herufi, naye huondoka akiwa na tarehe ya kesi mkononi.