Hita ndogo ya umeme kwa kabini ya lori: Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Madereva wa malori wanaopita nyanda za juu hukabiliwa na baridi kali usiku, hasa miezi ya Juni hadi Agosti. Kwa wanaokwenda Zambia na Kongo kupitia Tunduma, baridi huanzia Iringa na Makambako hadi Mbeya, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kwa wanaotoka Mombasa kwenda Uganda na Rwanda, sehemu ngumu ni Timboroa, yenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700, na baadaye Kabale kabla ya kufika mpaka wa Katuna.

Dereva aliyeko kwenye foleni ya mpakani hawezi kuacha mzigo akatafute gesti. Hulala kabini, na baadhi huingiza jiko la mkaa ili kupata joto. Hiyo ni hatari kubwa. Mkaa ukiungua ndani ya kabini iliyofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Aliyelala hupoteza fahamu bila kujua na anaweza kufa. Kusubiri moshi uishe kabla ya kuingiza jiko hakusaidii, kwa sababu makaa mekundu yasiyo na moshi bado hutoa gesi hiyo.

Hita ya umeme haitoi gesi hiyo. Hata hivyo, si kila hita inafaa lori.

Volti kwanza

Malori mengi makubwa hutumia umeme wa volti 24, wakati magari madogo hutumia volti 12. Hita ya volti 12 ikichomekwa kwenye lori la volti 24 huvuta nguvu mara 4 ya ile iliyopangiwa. Hita ya wati 150 hulazimishwa kufanya kazi ya wati 600, na matokeo yake ni kukata fyuzi au kuungua.

Tatizo kama hilo lipo kwa hita za mitumba kutoka Japani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 100, na Marekani, ambako ni volti 120. Umeme wa nchi zetu ni kati ya volti 220 na 240. Hita ya Japani ikichomekwa moja kwa moja huvuta karibu mara 5 ya uwezo wake. Mnunuzi asome kibandiko cha nyuma au cha chini. Kama hakuna kibandiko, aiache.

Betri inabeba kiasi gani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Lori lenye betri 2 za ampea-saa 150, zilizounganishwa kupata volti 24, lina akiba ya wati-saa 3,600 betri zikiwa mpya na zimejaa. Ili betri zisiharibike na stata ipate nguvu asubuhi, isitumike zaidi ya nusu, yaani wati-saa 1,800.

Kwa hesabu hiyo, hita ya volti 24 yenye wati 300 itafanya kazi saa 6. Hita ya wati 750 inayotumia inveta itamaliza kiasi hicho kwa saa 2 hivi, na ya wati 1,500 kwa saa moja tu. Betri zilizozeeka hazifiki hata hapo. Lori lisilowaka asubuhi wakati foleni inasogea ni hasara kwa dereva na kwa mwenye mzigo.

Tundu la kuwashia sigara nalo lina mpaka wake. Fyuzi ya ampea 10 kwenye volti 24 haibebi zaidi ya wati 240. Kuweka fyuzi kubwa bila kubadilisha waya ni kukaribisha moto.

Anayetegemea betri peke yake atafaidika zaidi na blanketi la umeme la volti 24. Huvuta wati 50 hadi 60 hivi, kwa sababu hupasha mwili na si hewa yote ya kabini. Kwa saa 8 hutumia wati-saa zisizofika 500.

Wati ngapi kwenye soketi?

Kwenye yadi au kituo cha kupumzikia chenye soketi, hita ya wati 500 hadi 750 hutosha kabini ya kawaida. Ya wati 750 ikiwaka mfululizo saa 8 hutumia uniti 6, hivyo dereva akubaliane bei na mwenye umeme mapema.

Aina inayofaa ni ndogo, yenye feni na kipashio cha seramiki. Hupasha haraka na waya wake hauwi mwekundu. Hita za taa nyekundu ni rahisi, lakini zikigusa shuka au pazia huwasha moto. Zile zenye mapezi na mafuta ndani ni nzito na huchelewa kupasha.

Mambo ya lazima ni haya: swichi ya kujizima hita ikianguka, kinga ya kuzima ikipata joto kupita kiasi, na themostati. Waya wa kurefushia umeme ukunjuliwe wote, kwani ukiachwa umeviringishwa hupata moto. Hita isiwekwe kitandani, na nguo zisianikwe juu yake.

Kwa wafanyabiashara

Anayetaka kuuza hita mpakani aangalie plagi. Kenya, Tanzania na Uganda hutumia zaidi plagi ya pini 3 bapa, wakati Rwanda na Burundi hutumia za pini za duara.

Aidha, Cheti Rahisi cha Uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachotumika kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Hita iliyotengenezwa China haigeuki kuwa bidhaa ya Tanzania kwa sababu ina risiti ya Kariakoo. Mfanyabiashara aulize ushuru kwa maofisa wa forodha kabla ya kununua mzigo, na ahakikishe bidhaa inakubaliwa na shirika la viwango la nchi anakopeleka, iwe TBS, KEBS au UNBS.

Kabla ya kulipa, hita ijaribiwe dukani kwa dakika 10. Plagi ikiwa ya moto, au harufu ya plastiki ikisikika, hita hiyo haifai kulala nayo.