Goma: Dakika tano za kukaa chini na kutuliza roho

Mkaaji wa Goma anajua vizuri maana ya ardhi isiyotulia. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka, na kwa siku nyingi matetemeko yakaendelea kutikisa nyumba usiku na mchana. Tarehe 27 Mei wakaaji wa kartie kumi waliombwa kuhama, wengi wakaelekea Sake, Rwanda na Bukavu. Mwisho wa Januari 2025 ikawa zamu ya bunduki na mabomu, mji ukaingia mikononi mwa AFC/M23.

Kelele zikiisha, mwili haupate habari mara moja. Mlango ukipigwa kwa nguvu, mtu anaruka. Usingizi unakatika saa nane za usiku. Baba anafokea watoto bila sababu. Kulingana na Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS), katika maeneo yaliyopita vitani, karibu mtu mmoja kati ya watano anaishi na tatizo la afya ya akili.

Kuna zoezi moja dogo lisilolipisha hata franka: mkao wa yoga wa kukaa chini na miguu iliyokunjwa. Huko India unaitwa sukhasana, maana yake mkao wa raha.

Kwa nini kukaa kunasaidia?

Woga unatayarisha mwili kukimbia: moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, mabega yanakaza. Moyo hatuwezi kuuamuru moja kwa moja, lakini pumzi tunaweza. Mtu akitoa pumzi pole pole, mapigo ya moyo nayo yanashuka.

Mambo ya karibu na haya yamejaribiwa kwa jirani. Huko Uganda, katika kambi ya Rhino, wanawake wakimbizi 694 kutoka Sudan Kusini waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikutana mara tano, mara moja kwa wiki, likisikiliza sauti iliyorekodiwa ikiwafundisha kusikia miguu yao chini, kufuata pumzi na kurudisha mawazo pale walipo. Waliowaongoza hawakuwa waganga. Miezi mitatu baadaye, mahangaiko yao yalikuwa yamepungua kuliko ya wenzao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020, na mwaka huohuo OMS ikatoa kitabu cha picha cha kufundisha mazoezi hayo. Hayo hayakuwa yoga, lakini kiini ni kile kile: kukaa, kusikia mwili, kupumua.

Namna ya kufanya

1. Tandika mkeka. Kunja blanketi au vitenge viwili, ukalie juu yake, matako yawe juu kidogo kuliko magoti. Magoti yakibaki juu, ongeza kitenge kingine.

2. Kunja miguu, kila unyayo uingie chini ya goti la upande wa pili. Mgongo unyooke bila kukazwa. Kuegemea ukuta si kosa.

3. Weka mikono juu ya mapaja na uachilie mabega. Tazama kitu kimoja mbele yako, au funga macho ukipenda.

4. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne. Itoe ukihesabu hadi sita. Ukihisi kizunguzungu, rudi kwenye pumzi ya kawaida.

5. Sikia uzito wa mwili wako juu ya mkeka. Mawazo yakikimbilia bei ya makala au mtoto aliye mbali, usigombane nayo. Rudi kwenye pumzi, hata mara ishirini.

Dakika tano zinatosha kwa kuanza. Mwenye magoti mabaya, mama mjamzito au mzee anaweza kukaa kwenye kiti, nyayo zote zikigusa chini. Miguu ikifa ganzi, inyooshe kabla ya kusimama.

Je, ni ibada ya kigeni?

Swali hili linaulizwa sana, na ni la haki. Yoga ilizaliwa India, ndani ya dini za huko. Lakini mkao huu hauombi mtu ataje jina la mungu yeyote wala aache kanisa au msikiti wake. Kukaa chini juu ya mkeka si jambo geni kwetu. Anayetaka kusali ndani ya kimya hicho, asali.

Pa kuchunga

Kwa mtu aliyeona mambo mazito, kufunga macho kunaweza kurudisha picha mbaya. Aache macho wazi, na zikizidi, asimame na kutembea. Anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, anayewaza kujiua, au aliyefanyiwa ubakaji, asiachiwe mkeka peke yake: apelekwe kwa waganga haraka. Mjini Goma, kituo cha Tulizo Letu cha Frères de la Charité kinajulikana kwa magonjwa ya akili, na Heal Africa kwa kuhudumia wanawake waliobakwa.

Tusidanganyane: pumzi hairudishi nyumba iliyobomolewa wala haileti chakula kwenye sahani. Inampa mtu nafasi ndogo ya kufikiri kabla ya kujibu, kabla ya kupiga mtoto, kabla ya kuamua njia ya kufuata. Ndiyo maana ni vizuri kujizoeza siku ya utulivu, saa ile ile kila siku, mbele ya kulala kwa mfano. Siku ya fujo si siku ya kuanza kujifunza.