Chipu Haiingii Bila Maandishi

Ndani ya msimbo chanzo wa keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, kuna folda iitwayo Documentation/hwmon. Humo mna faili zaidi ya mia, na kila moja linaeleza chipu fulani, au ukoo mzima wa chipu, ambazo kazi yake ni kupima joto la ubao mama, volteji inayopita na kasi ya feni. Walioandika faili hizo wanaishi nchi mbalimbali na wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso, lakini wana miiko, adabu na namna yao ya kumpokea mgeni. Nawahesabu kuwa jamii kamili, na desturi yao ninayoipenda kuliko zote ni hii: kiendeshi cha chipu, yaani programu inayoiwezesha keneli kuzungumza nayo, hakihesabiwi kuwa kimekamilika mpaka mwandishi wake aeleze kwa maandishi chipu hiyo inasema nini, na pale ambapo maneno yake hayaaminiki.

Chimbuko lao ni mradi wa lm_sensors, ulioanza mwaka 1998 kwa kazi ya Frodo Looijaard na Philip Edelbrock. Wakati huo viendeshi vya vipimo viliishi nje ya keneli, na mtumiaji alilazimika kuvijenga mwenyewe. Vilipohamia ndani, katika enzi ya toleo la 2.6, maandishi yake yalihama navyo. Jean Delvare aliitunza sehemu hiyo kwa miaka mingi, na baadaye Guenter Roeck akaubeba mzigo huo. Mwaka 2019 faili zote zilibadilishwa mtindo ili ziweze kusomeka kama kitabu kimoja, ila muundo wa ndani haukuguswa.

Muundo wenyewe ni huu. Juu kabisa huandikwa jina la kiendeshi. Kisha zinatajwa chipu kinazozihudumia, na chini ya kila chipu kuna jina lake fupi, anwani ambazo kiendeshi huzikagua ili kuitafuta, na mahali pa kupata karatasi ya maelezo ya kiwanda. Hufuata majina ya waandishi, halafu maelezo marefu. Chukua faili la lm75. Kipimajoto hicho kilibuniwa na National Semiconductor, na viwanda vingine vikakiiga hata kikawa kama kawaida ya tasnia nzima. Ndiyo maana faili moja linabeba orodha ndefu ya chipu za ukoo mmoja: DS75 ya Dallas, TMP75 ya Texas Instruments, STDS75 ya kampuni ya ST, na nyingine nyingi. Msomaji anaambiwa pia kwamba kipimo chake ni cha kuaminika kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi nyuzi 125 juu yake.

Mstari wa anwani zinazokaguliwa unaonekana mkavu, lakini nyuma yake kuna msiba. Chipu nyingi za vipimo huunganishwa kwa njia iitwayo I2C, ambayo haina utaratibu wa kujitambulisha. Programu inayotaka kujua nani yupo haina budi kupita anwani baada ya anwani ikibisha hodi. Mradi ulipokuwa mchanga, hodi hizo zilifika kwenye baadhi ya kompyuta za ThinkPad za IBM, ambamo kulikuwa na chipu ya kumbukumbu isiyoelewa hodi hizo vizuri. Ikaharibu data iliyokuwa imeihifadhi, na kompyuta haikuwaka tena. Mwenye kompyuta alitaka kujua joto tu, akabaki na mashine iliyokufa. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kiendeshi kimojawapo cha njia hiyo kilikataa katakata kufanya kazi kikigundua kwamba kipo ndani ya mashine ya IBM.

Tangu hapo jamii imejiwekea mipaka. Maelekezo kwa waandishi wapya yanataja anwani chache zinazoruhusiwa kukaguliwa, kama 0x28 hadi 0x2f na 0x48 hadi 0x4f, na yanaonya kwamba kugusa nyingine kunaleta matatizo kwa chipu zisizohusika. Ni mwiko kuandika chochote kwenye rejista za chipu, yaani visanduku vyake vya kuhifadhia tarakimu, wakati bado unaulizia kama ndiyo yenyewe. Chipu isiyo na alama ya kuitambulisha ni afadhali isitafutwe kabisa, na mjenzi wa mashine aseme mwenyewe ilipo. Kwa hiyo katika faili nyingi za siku hizi mstari huo wa anwani unasema tu kwamba hakuna inayokaguliwa. Kwa mgeni ni kama pengo, lakini mwenyeji anasoma humo uamuzi uliotokana na hasara ya watu.

Sehemu ya maelezo ndiyo inayodhihirisha tabia ya mwandishi. Faili la lm78, ambalo Looijaard na Delvare wametajwa kuwa waandishi wake, linakiri kwamba si kila kasi ya feni inaweza kuwakilishwa sawasawa, kwa hiyo tarakimu nyingine hukadiriwa. Linaonya kwamba kengele ya hatari ikilia hubaki imewashwa hadi rejista isomwe, hivyo huenda unaiona kengele ilhali chanzo chake kimeshaondoka. Linasema chipu husasisha vipimo kila baada ya sekunde 1.5, na anayesoma mapema zaidi atapewa vya zamani. Hakuna kampuni ambayo ingeweka maneno hayo kwenye tangazo lake. Fundi anayehangaika usiku na seva iliyochemka ndiye anayeyahitaji, na hapa anayapata bila kupambwa.

Uwazi huo unawagusa hata wenye viwanda. Chipu ya ASB100 ilitengenezwa kwa ajili ya mbao mama za Asus peke yake, na faili lake linasema wazi kwamba kampuni ilikataa kutoa karatasi ya maelezo. Linawashukuru watu waliochunguza mashine zao wenyewe hadi siri zikajulikana.

Kuhusu vipimo wana sheria moja: kila faili ambalo kiendeshi huziwekea programu ili zisome kipimo hutoa thamani moja tu, na thamani hiyo ni namba nzima. Nyuzi 45 za joto huandikwa 45000, na volteji huhesabiwa kwa sehemu za elfu za volti, kwa sababu keneli hukwepa hesabu za desimali. Volteji huanza kuhesabiwa kwenye 0 wakati joto na feni huanza kwenye 1, kwa kuwa karatasi nyingi za viwanda zilianza hivyo. Anayetaka kubuni kipimo kisichomo katika mpangilio wa kawaida hutakiwa kukijadili kwanza na kutoa sababu zake. Ukali huo una faida: programu ileile husoma joto la seva ya Frankfurt na la kompyuta ya maabara ya shule Mombasa, bila kujali kiwanda gani kilitengeneza chipu.

Mgeni huingia kwa kiraka. Anatuma mabadiliko yake, anatia jina lake chini kuthibitisha kwamba ana haki ya kuyatoa, kisha anasubiri wenyeji wayasome. Majibu yao mara nyingi ni mafupi na makavu, na hilo huwavunja moyo wengi. Natamani wangekuwa wapole zaidi, ingawa naelewa kwamba anayesoma viraka vya watu wengi kila wiki hubana maneno. Kiendeshi kipya kikija bila faili lake la maelezo, hudaiwa.

Keneli ina folda nyingine yenye tafsiri za maelezo yake kwa Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania. Ya Kiswahili haimo. Wanafunzi wetu wa kompyuta wanao uwezo wa kuianza, na faili la lm75 ni fupi kiasi cha kumalizika jioni moja. Msamiati wake tunao: joto, feni, volteji, anwani, kengele. Atakayelituma atatia jina lake chini na kusubiri majibu makavu kama mgeni mwingine yeyote.