Sanduku la Kuchujia Hewa

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Makala haya yanahusu ufa wa namna yake, ule wa sanduku la kichujio cha hewa.

Huku kwetu baridi ya Julai ikizidi tunavaa sweta, basi. Lakini huko Marekani na Kanada kuna theluji, na nyumba nyingi zina tanuri la gesi, aghalabu katika chumba cha chini ya nyumba. Feni ya tanuri huvuta hewa kutoka vyumbani kupitia bomba pana la bati, huipitisha kwenye chuma chenye moto, kisha huirudisha vyumbani ikiwa na joto. Kabla ya kufika kwenye feni, hewa hupita kwenye kichujio, au filta kama wanavyosema mafundi wetu wa magari. Kazi yake ya kwanza ni kuikinga mashine na vumbi. Ya pili ni kuwakinga watu.

Je, tatizo ni nini? Vichujio vingi vina unene wa inchi 1 tu. Mwenye nyumba akitaka kunasa hata moshi, hununua kilichosukwa kwa nyuzi laini zaidi. Kikiwekwa pale pale padogo, feni huhema kama mtu anayekimbia huku amejiziba pua kwa leso. Hewa hupungua, chuma hupata joto kupita kiasi, na swichi ya usalama huzima moto.

Dawa yake ni hesabu ya shule ya msingi. Kichujio cha inchi 16 kwa 25 kina eneo la inchi mraba 400. Fundi akiunda sanduku la bati lenye vichujio viwili vya inchi 20 kwa 25, vikae kama herufi V, eneo linakuwa inchi mraba 1,000. Hewa ni ile ile, lakini mwendo wake kwenye kichujio unashuka hadi asilimia 40 ya ule wa awali. Hapo feni inapumua!

Wakati wa kuunda, kwanza zima umeme na gesi. Pili, mshale uliochorwa kwenye fremu ya kichujio uelekee kwenye feni. Tatu, ziba kila kiungo kwa tepu ya alumini, na mlango wa sanduku uwekewe mpira wa kubana. Hewa ni kama mwanafunzi mtoro: ikipata upenyo kwenye ua, haipiti langoni.

Tena ufa huo si wa vumbi tu. Sanduku hili liko upande wa feni unaovuta. Likivuja, feni hufyonza hewa ya chumba cha tanuri, na yaweza kuurudisha ndani moshi uliopaswa kutoka nje. Moshi huo huweza kuwa na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo ile ile inayowaua watu huku kwetu wanapolala na jiko la makaa chumbani, madirisha yamefungwa. Kwa hivyo kazi ikiisha, fundi mwenye leseni aitwe apime, na nyumba iwekewe king'ora cha gesi hiyo.

Wenzangu, filta ghali katika sanduku bovu ni kazi bure. Eneo liwe pana, na nyufa zizibwe mapema.