Ramani ya Bure na Roho za Abiria
Serikali ya Marekani hutoa bure ramani za kielektroniki za bahari yake, na kuzirekebisha kila wiki. Yeyote aweza kuzitumia kutengenezea mitambo ya kuongozea vyombo. Huo ni mfano mwema.

Lakini ramani hizo huishia kwenye maji yao. Sisi wa Unguja na Pemba twapata bure takwimu za GEBCO za kina cha bahari, ambazo nukta zake huachana kwa karibu mita 450. Mwamba waweza kujificha humo. Ndiyo maana wenyewe wametahadharisha zisitumiwe kuongozea vyombo.

Basi nahodha asihadaike na uzuri wa picha, na serikali zitoe bure vipimo vya mikondo yetu, pamoja na marekebisho yake. Roho za abiria ni ghali kuliko bei ya ramani.